Nyimbo za Krismasi katika nyumba yenye msiba: ninyi mlizisikilizaje?

Mama Wawili (mleta uzi)

Habari zenu wana jukwaa, na poleni na majukumu.

Maduka ya hapa Kireka, Kampala, yameshaanza kupiga nyimbo za Krismasi tangu asubuhi hadi yanapofungwa. Miaka yote hiki kimekuwa kipindi changu. Mwaka huu mume wangu alifariki mwezi wa saba, shuleni bado nadaiwa ada ya muhula wa tatu, na nauli ya kwenda Busia kwa wakwe inapanda jinsi Desemba inavyosogea. Siandiki ili nichangiwe. Nina jambo linanisumbua na nyumbani sina wa kulijadili naye.

Marehemu alikuwa mwanakwaya, sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume. Kila Desemba, watoto wakishafunga shule, yeye ndiye aliyewafundisha nyimbo jioni wakati tunasubiri chakula kiive. Redio ilikuwa ya sikukuu yenyewe, siku ya wali na nyama. Siku nyingine zote tuliimba kwa midomo yetu. Sasa binti yangu ameniuliza kama mwaka huu nyimbo zipo. Nikamwambia tutaona.

Mama mkwe naye amenipigia simu, akanieleza kwa upole kwamba nyumba yenye msiba haipigi muziki mpaka matanga yamalizwe rasmi. Namheshimu sana, na aliyezikwa ni mwanawe. Redio nimeizima.

Lakini Jumatatu nilipanda teksi kwenda mjini, dereva akaweka zile nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya. Nyote mnazijua, hakuna Desemba ya Uganda inayopita bila hizo. Ilipofika sehemu ya kuitikia, kondakta akaitikia, mama mmoja mwenye kuku miguuni akaitikia, na mimi nikaitikia. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni pale Nakawa na hakuna aliyenung'unika. Niliposhuka kifua kilikuwa chepesi, mara ya kwanza tangu mazishi. Usiku wake nikakosa usingizi, nikijiuliza kama mjane anaruhusiwa wepesi ule mapema namna hii.

Naomba waliowahi kupita Desemba nzito waniambie: nyimbo hizi ziliwasaidia au ziliwaumiza? Mlizisikiliza vipi? Ombi langu moja tu, msiniambie nijikaze. Hilo nimeambiwa vya kutosha.

Steji ya Banda

Pole sana nnyabo. Mimi naendesha boda hapa Banda. Mwaka niliompoteza kaka yangu sikuzima nyimbo, nilipunguza sauti tu, na nikiwa na abiria sikuziweka kabisa. Nafuatilia uzi huu.

Mzee wa Tororo

Mwanangu, Mungu akutie nguvu. Nimesimamia matanga mengi huku kwetu, kwa hiyo naomba nimsemee mama mkwe wako kabla vijana hawajamvamia.

Desturi ya kunyamazisha ngoma haikuwekwa ili wafiwa waumie. Muziki ukisikika nje ya ua, mpita njia anajua hapo wamemaliza. Anaacha kuja kukaa nanyi, anaacha kuleta kuni na unga. Ukimya ulimlinda mfiwa asije akaachwa peke yake mapema. Mama mkwe anapokwambia uzime redio, anachotaka ni watu waendelee kukumbuka kwamba mwanawe amekufa na kwamba wewe bado unahitaji mtu wa kuketi nawe.

Ila tafakari jambo hili. Usiku wa kukesha na maiti tulifanya nini? Tuliimba. Tuliimba mpaka alfajiri, na wenye sauti mbaya wakaimba pia. Sijawahi kusikia mzee akisema nyumba ya msiba isiimbe. Kinachokatazwa ni spika, dansi, na pombe inayofuatana na spika. Mkiimba ninyi watatu ndani baada ya sala ya jioni, sioni desturi ya mtu yeyote iliyovunjwa.

Lakini usifanye kwa siri. Siri ndiyo itakayokunyima usingizi. Mpigie mama mkwe, umwambie hivi: redio nimeizima, watoto wanataka kuimba nyimbo walizofundishwa na baba yao. Kisha mwache akujibu mwenyewe.

Kijana wa Owino

Mimi nauza nguo za watoto pale Owino, na kwangu swali la kwanza ni wimbo unapigwa wapi na kwa nini. Kuanzia Novemba nazisikia kutwa nzima kutoka spika za pande zote, na naona zinavyowafanya wazazi. Baba amesimama na gauni mkononi, hela haitoshi, na nyuma yake wimbo unamwambia ni wakati wa kufurahi. Wengine hurudisha gauni na kuondoka bila hata kuaga. Ni wimbo uleule ambao jioni, nyumbani kwake, ungemfariji.

Kwa hiyo dada, siku zikikuchoma usijilaumu. Sokoni zinapigwa ili tununue. Kwenye teksi ile hakuna aliyekuwa anawauzia kitu.

Mwalimu wa Kwaya

Mleta uzi, pole kwa kumpoteza mwenzako. Sisi wa kwaya tunajua sauti ya tatu nzuri inavyotafutwa, kila parokia inalilia hiyo.

Nimefundisha kwaya hapa Kampala miaka mingi, na swali lako hunijia kila Desemba kwa sababu kila Desemba kuna mwanakwaya aliyefiwa anayeuliza kama aje mazoezini au akae nyumbani. Huwa simpi jibu haraka. Kwanza namweleza nyimbo zenyewe zilikotoka, maana tunaziita za furaha, ilhali nyingi zilitungwa na watu waliokuwa ndani ya shida.

Chukua hizo za Lutaaya. Alizitengeneza miaka ya 1980 akiwa Sweden, mbali na kwao, wakati Uganda inajikokota kutoka kwenye miaka ya vita. Fikiria mtu anaimba Sekukulu, yaani sikukuu ya Krismasi, kwa Kiganda katika baridi ya kule, hana ndugu wa kumwitikia. Sherehe iliyomo ndani ya nyimbo zile ni ile aliyoikosa. Mwaka 1989 akajitokeza hadharani kusema kwamba ana virusi vya UKIMWI, Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo, wakati ambapo kulisema jambo hilo kulikuwa ni kukubali kutengwa. Miezi iliyombakia akaitumia kupita shuleni na makanisani akiwafundisha watu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, siku kumi kabla ya Krismasi. Kwa hiyo wale waliompenda, kila mwaka kumbukumbu ya kifo chake inawajia huku nchi nzima ikiimba nyimbo zake. Mjane akiitikia wimbo wa Lutaaya mwezi wa Desemba hajakosea mahali. Amefika hasa pale nyimbo zile zilipo.

Au chukua Usiku Mtakatifu. Maneno yake yaliandikwa 1816 na padri kijana wa Austria, Joseph Mohr. Mwaka ule Ulaya waliuita mwaka usio na kiangazi. Volkano ya Tambora, huko Indonesia, ilikuwa imelipuka mwaka 1815, uchafu wake ukatanda angani na kupunguza jua, mazao yakaharibika shambani, na vita vya Napoleon vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha. Watu walikuwa na njaa. Katika hali hiyo padri yule akaandika kuhusu usiku mtulivu na mtoto aliyelala. Tuni ilitungwa mwaka 1818 na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule, na wimbo ukaimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi mwaka huohuo, Oberndorf, kwa gitaa. Leo unaimbwa kwa lugha zaidi ya 300.

Hata ule wa theluji, ambao redio zetu huupiga ingawa theluji yetu sisi iko kileleni Rwenzori tu. Irving Berlin, aliyetunga "White Christmas", alimpoteza mwanawe mchanga tarehe 25 Desemba 1928. Bing Crosby aliurekodi mwaka 1942, dunia ikiwa vitani, na askari waliokuwa mbali na kwao wakaupenda mno. Usikilize tena kwa makini. Hauchangamki hata kidogo. Ni mtu anayetamani kurudi mahali.

Baada ya hapo namwambia mwanakwaya wangu: nyimbo hizi zilikuwa na nafasi yako tangu zilipotungwa. Huhitaji kuwa umemaliza kulia ndipo uziimbe. Njoo, simama mstari wa nyuma, ukishindwa nyamaza, wenzako watabeba mpaka utakaporudi.

Mama Wawili (mleta uzi)

Nimesoma hili la Mwalimu nikiwa jikoni, nikaacha sufuria iungue. Nyimbo za Lutaaya nimeziimba tangu utotoni na sikujua alifariki Desemba. Mzee wa Tororo, nitampigia mama. Nipeni siku mbili nijipange maneno.

Mtu wa Ntinda

Krismasi ya 2020, ile ya korona, mnaikumbuka? Amri ya kutotoka nje saa tatu usiku, hakuna misa ya usiku wa manane, watoto wengi hawajaona darasa tangu Machi. Tunaishi kwenye nyumba za ghorofa. Saa tatu ilipopita jirani wa chini akaanza kuimba dirishani, wa pembeni akadaka, tukaimba nyumba kwa nyumba bila kuonana nyuso. Sijui sauti nyingine zilikuwa za nani hadi leo.

Dada wa Mubende

Na mimi nichangie kutoka Mubende.

Mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa huku kwetu mwezi Septemba, na tarehe 15 Oktoba tukafungiwa, sisi pamoja na Kassanda. Hakuna teksi, hakuna boda, makanisa na misikiti imefungwa, saa moja jioni kila mtu ndani. Chanjo iliyoidhinishwa ya aina ile haikuwepo. Hadi mwisho walithibitishwa wagonjwa 142 nchini, na 55 kati yao walifariki. Hizi ni namba ambazo wengine mlizisikia kwenye taarifa ya habari. Sisi tulizijua kwa majina na kwa nyumba.

Mzee wa Tororo ameeleza vizuri habari ya kukesha. Sisi hilo ndilo tulilonyimwa. Waliokufa walizikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, haraka, bila mkesha na bila wimbo hata mmoja. Ilibidi iwe hivyo, ugonjwa huo unashika kupitia maiti, naelewa. Lakini katika yote yaliyotupata, kufungiwa, biashara kufa, kunyooshewa vidole tukifika wilaya nyingine, hilo la kuzika kimya ndilo lililobaki kifuani.

Tulifunguliwa Jumamosi tarehe 17 Desemba. Kesho yake tukaenda kanisani. Tulikaa kwa kuachana nafasi, hakuna aliyempa mwenzake mkono. Kwaya haikuwa imefanya mazoezi tangu Oktoba. Ilikuwa bado Majilio, lakini kiongozi akaanzisha wimbo wa Krismasi, sijui kama alipanga au ulimtoka tu, na padri akamwacha. Tuliimba tukilia. Maneno yalikuwa ya mtoto kuzaliwa, na kila mtu alikuwa anamwimbia wake aliyezikwa bila wimbo. Tulipomaliza aya zote tukaanza tena mwanzo, hakuna aliyetaka kukaa.

Dada wa Kireka, wewe ulipata kumzika mwenzako kwa nyimbo. Usimnyime sasa. Imba.

Nakivale Juu

Mimi ni Mkongo, niko Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi haya ya wakimbizi yalifunguliwa 1958, kwa hiyo Noeli nyingi zimeimbwa hapa kabla sisi hatujafika, na watu wengi walioziimba walidhani mwaka unaofuata wangekuwa kwao.

Mgao wa chakula ulipopunguzwa, kwaya yetu ikapungua nayo. Watu hawaelewi hili mpaka waone: mwenye njaa hana pumzi ya kushika noti ndefu. Mmoja alianguka mazoezini. Wengine walisema tuache mwaka huu. Tukakubaliana kubadili saa, tufanye mara tu baada ya ule mlo mmoja wa siku, na tusimame muda mfupi. Ngoma yetu ni dumu la lita ishirini, kayamba ni chupa yenye vijiwe. Tunaimba kwa Kiswahili, kisha Kinyarwanda, kisha Kirundi, na aya ya mwisho kila mtu kwa lugha ya mama yake, wote kwa wakati mmoja. Hiyo aya ya mwisho sijui niwaandikieje. Mngekuja mkaisikia.

Mkesha wa Noeli tunapita nyumba kwa nyumba. Kwenye nyumba yenye kilio hatupiti kimya wala hatupigi dumu. Tunasimama nje, tunaimba aya moja taratibu, tunasubiri kidogo. Wengine hufungua, wengine hawafungui, na hatugongi. Kuna mama hakufungua mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili tulimkuta amesimama mlangoni anatusubiri, na aya alikuwa anaijua.

Kwa hiyo nikijibu swali: zilituumiza na zilitusaidia, mara nyingi usiku huohuo.

Nesi wa Zamu

Nafanya zamu ya usiku wodi ya watoto. Mvua za mwisho wa mwaka zikishanyesha malaria hupanda, kwa hiyo Krismasi wodi huwa imejaa na wazazi wamelala sakafuni chini ya vitanda. Tunaimba tukibadilisha dripu. Wimbo wa polepole unamfanya mtoto apumue polepole, na mama anayemshika naye anashusha mabega. Naliona kila mwaka.

Ushauri wangu wa kikazi, dada: mara ya kwanza msiimbe usiku. Huzuni ya usiku ni nzito na watoto wanakuwa wamechoka. Anzeni mchana, wimbo mmoja, mkiwa mnafanya kazi nyingine, mnachambua mchele au mnakunja nguo. Mtu akitaka kulia alie, mwendelee na kazi.

Na jambo jingine. Nyanya yangu uzeeni alisahau majina yetu sote, hata la mama yangu aliyemzaa. Nyimbo alizofundishwa utotoni hakusahau, aliziimba aya kwa aya. Nyimbo alizowafundisha marehemu, watoto hao watakuwa nazo hata wakiwa wazee.

Bint Bombo

Assalaam alaykum. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Krismasi si sikukuu yangu, ila uzi huu umenigusa na naomba nikaribishwe.

Idi ya kwanza baada ya mama yangu kufariki nilidhani sitaweza kutamka takbira. Kwetu mwezi ukiandama takbira huanza, na huendelea mpaka swala ya Idi asubuhi. Mama ndiye aliyekuwa akituamsha nayo. Nikabaki jikoni, kimya, wenzangu wanaleta takbira sebuleni. Shangazi akanifuata akaniambia, hii si starehe mwanangu, hapa tunamtukuza Mungu, na msiba haumzuii mtu kumtukuza Mungu. Nikaanza kwa kunong'ona. Kufikia alfajiri nilikuwa ndiye ninayeamsha watoto.

Nadhani ndilo analolisema Mzee wa Tororo kwa njia yake. Jirani yetu Mkristo alifiwa mwaka jana. Kuku wake wa Krismasi kaka yangu alimchinjia, nasi tukaenda kukaa naye ili tule pamoja. Watoto wake waliimba, sisi tukasikiliza. Hakuna aliyeona ajabu.

Kijana wa Owino

Baada ya kusoma ya Mwalimu na ya Nakivale nimejaribu kitu. Saa ya kufunga nazima spika yangu kabisa. Juzi jirani yangu wa kibanda, mama anayeuza viatu, akaanza kuimba mwenyewe huku anafunga mizigo, nami nikamwitikia. Kesho yake walikuwa wameongezeka wengine wawili. Kutwa nzima tulizisikia nyimbo hizi na zilikuwa hazituingii.

Alto wa Mengo

Nataka kurudi kwenye deni la ada, kwa sababu mleta uzi amelitaja harakaharaka na najua ndilo linalowakosesha wengi usingizi mwezi huu, likisaidiwa na Januari inayokuja.

Kwaya yetu inafanya mazoezi ya vipande vya Messiah, utunzi mkubwa wa kwaya wa Handel. Wengi wanadhani ule ni muziki wa watu wenye nafasi. Ilipoimbwa mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yalienda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakalipiwa madeni yao wakatoka. Nilipolisoma hilo nililipeleka kwenye kamati ya kwaya. Mwaka huu sadaka ya tamasha letu itaenda kwa ada za watoto wa parokia waliofiwa mzazi. Dada, kama parokia yenu ina kwaya, waulize kama wana mpango wa namna hiyo. Mume wako aliwaimbia, si aibu kuuliza.

Mama Wawili (mleta uzi)

Nimerudi. Nimempigia mama mkwe jana.

Nilimwambia karibu kama Mzee alivyoniandikia. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza ni nyimbo zipi. Nikamtajia. Nilipofika Usiku Mtakatifu akanikatiza, akasema huo ni yeye aliyemfundisha mwanawe, akiwa mdogo, wakimenya mihogo. Miaka yote hiyo nilidhani aliupata kwenye kwaya.

Amesema tuimbe. Redio isisikike nje mpaka matanga yamalizwe Januari. Na tarehe 24 jioni nimpigie, niweke simu katikati ya watoto, naye ataimba kutoka Busia. Hatutasafiri mwaka huu. Nauli nitaiingiza kwenye ada, nayo hiyo amekubali bila kinyongo, akasema anayetaka kuja kaburini atalikuta hata Februari.

Nesi, tulifanya ulivyosema, mchana, tukichambua mchele. Binti alishika tuni. Tulipofika aya ya pili kijana wangu, ambaye tangu mazishi hazungumzi sana, akasema kuna sauti inakosekana. Sote tulijua ni ipi. Nililia, wao wakaendelea na mchele. Baadaye akaniuliza kama anaweza kuijifunza yeye. Ana miaka kumi na moja. Mimi ile sauti naijua kwa kuisikia tu mgongoni kwangu kanisani, siwezi kumfundisha. Mwalimu, inawezekana?

Mwalimu wa Kwaya

Inawezekana sana, na mambo ya namna hii ndiyo yanayonifanya nisiache kufundisha.

Sauti yake bado haijavunjika, kwa hiyo ataiimba oktavo moja juu ya alipokuwa akiimba baba yake. Mahali pengine atakuwa juu ya tuni ya dada yake, na itapendeza, msishtuke. Nitakuandikia kwa solfa, yaani noti za herufi, aya moja inatosha, zilizobaki ni zilezile. Tuni inaanza s l s m, hiyo dada yake anayo. Ya kwake aijifunze akiwa peke yake kwanza, chumba kingine kabisa, mpaka aishike bila kuvutwa. Ndipo waunganishe. Wengi huunganisha mapema, mdogo anamfuata mkubwa, na sauti inapotea. Asiimbe kwa nguvu. Kazi ya sauti ya tatu ni kuwajaza wengine katikati, na asiyeisikia kwa makini hujua ipo siku haipo.

Halafu mwambie hili. Usiku ule wa 1818 kule Oberndorf aya nzima haikuimbwa kwa sauti nne kama tunavyoimba sisi. Padri Mohr alishika gitaa na kuimba sauti ya tatu, Gruber akaimba sauti ya nne, ile nzito, na wanakwaya wakarudia mistari ya mwisho tu. Wimbo huu ulianza na sauti ya baba yake.

Mama Wawili (mleta uzi)

Nimemsomea. Ameniomba nimsomee mara ya pili.

Mzee wa Tororo

Mpe salamu zangu huyo kijana. Na mama mkwe wako pia, mwambie ni kutoka kwa mzee mwenzake.

Steji ya Banda

Mwalimu, ukiweka ya tatu weka na ya nne. Hapa stejini tuko wanne tunaoimba kanisani, na kutoka Banda hadi Kireka si mbali. Nnyabo, ukituruhusu, tarehe 24 tutakuja kusimama nje ya mlango wako, aya moja, bila spika. Usipofungua hatutagonga.

Mama Wawili (mleta uzi)

Nitafungua. Njooni saa moja jioni, kabla sijampigia mama, ili naye awasikie. Chai ya maziwa itakuwepo. Mwalimu, tunasubiri noti.